Dirisha la Shukrani

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina, tena jina zuri la kuimbika, ila kulitaja hadharani kunatozwa peni mbili, na mwezi huu mimi mwenyewe nimekaukiwa. Kwa hiyo tutaiita nchi ile, bure. Msomaji ukiona inafanana na nchi unayoijua, laumu macho yako. Macho bado hayajaanza kulipiwa, kwa hiyo yatumie utakavyo.

Katika nchi ile aliishi mtu aitwaye Nasibu Mkomola, karani wa bohari ya chaki ya serikali. Kazi yake ilikuwa kupokea maboksi ya chaki, kuyahesabu, na kuyatoa kwa shule za wilaya pale zilipoleta barua yenye mihuri mitatu. Mshahara wake ulikuwa peni mia nne. Kodi, bima na mfuko wa uzeeni vikishapita, mkononi zilibaki peni mia tatu na kumi. Si nyingi, lakini alikuwa amezoeana nazo, na kila moja ilikuwa na pa kwenda: chumba na ua, unga, mafuta ya taa, na peni kumi za kutia kwenye kopo.

Kopo hilo lilikuwa la maziwa ya unga, na mkewe Mashavu alilificha nyuma ya pipa la unga wa mahindi. Ndani yake mlikuwa na ada ya mtihani wa binti yao Kibibi, aliyekuwa kidato cha nne. Ada yenyewe peni mia na hamsini. Kwenye kopo zilikuwa zimefika tisini. Kibibi alikuwa binti mwembamba, mwenye kovu jeupe mgongoni mwa mkono wa kulia, umbo la jani, tangu siku mafuta ya vitumbua vya mama yake yalipomrukia. Kwa hesabu alikuwa moto. Mwalimu wake alishasema kwamba huyu akifanya mtihani atakwenda mbali, na Nasibu aliyarudia maneno hayo kwa kila aliyepita bohari, mpaka mlinzi wa pale, Mzee Tindwa, akamwambia, "Umeshaniambia, Nasibu. Jana. Na juzi."

*

Basi ikafika Sikukuu ya Wafanyakazi. Desturi ya nchi ile ni kwamba siku hiyo kila mfanyakazi hupewa fulana na kofia, kisha husimamishwa uwanjani tangu asubuhi ili furaha impate taratibu. Fulana za mwaka ule ziliandikwa kifuani NIMERIDHIKA. Zilikuwa za kipimo kimoja, maana kuridhika kwenyewe kulikuwa kwa kipimo kimoja, na Mzee Tindwa, ambaye ni bonge la mtu, alisimama na kitovu chake nje kutwa nzima.

Saa sita juu ya alama Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akapanda jukwaani, na mwavuli nyuma yake.

"Ndugu wafanyakazi!" alisema. "Serikali yenu hailali. Na ikilala, inalala upande mmoja, jicho moja likiwaangalia ninyi! Nimewasikia. Nimewaonea huruma. Kuanzia mwezi huu kila mfanyakazi anaongezwa peni ishirini, bila masharti yoyote isipokuwa masharti yaliyopo!"

Uwanja ukalipuka. Maafisa wenye daftari walipita kati ya mistari wakiandika nani anapiga makofi kwa mikono miwili na nani anapepea tu. Nasibu alipiga kwa mikono miwili, tena kwa moyo wake wote. Peni ishirini! Kabla makofi hayajaisha alikuwa ameshalijaza kopo kichwani mwake na bado zikabaki za kununua viatu.

Ndipo akasimama Dakta Mabruki Ngogota, Katibu Mkuu wa Wizara ya Makato, kufafanua marekebisho madogo ya kitaalamu.

"Mshahara, ndugu zangu, ni dhana," alisema Dakta Ngogota. "Makato ndiyo uhalisia. Mlilalamika kwamba kodi ni nzito. Tumeifuta! Mahali pake tumeweka kumi na moja, ambazo kila moja peke yake haina uzito hata kidogo. Aliyeelewa apige makofi. Ambaye hakuelewa apige zaidi."

Wakapiga zaidi.

*

Mwisho wa mwezi slipu ya mshahara ilikuja imekunjwa mara nne. Nasibu akaikunjua juu ya boksi la chaki, ikavuka boksi, ikaning'inia. Mshahara: peni mia nne na ishirini. Chini yake zikafuata kodi ya Daraja la Wenye Nafasi, tozo ya fulana, tozo ya kofia, mchango wa hiari ambao ni lazima, ushuru wa jua la uwanjani kwa kuwa jua ni rasilimali ya taifa, na mwisho kabisa gharama ya kuchapa slipu ndefu namna ile. Kilichobaki mkononi: peni mia mbili sitini na mbili.

Alisoma mara tatu. Kisha akaikunja, akarudi nayo nyumbani bila kumwambia mtu.

Kibibi ndiye aliyeielewa. Alichukua kipande cha chaki kilichovunjika, kile ambacho bohari ilishakiandika hasara, akapiga hesabu nyuma ya mlango wa jikoni. Saba zake alikuwa akizikata kistari katikati, na mistari yake ilinyooka utadhani ameiwekea rula.

"Baba, hawajakuongeza," alisema. "Wamekusukuma daraja. Ulikuwa chini ya mstari, sasa uko juu yake, na huko juu kila kitu kinakatwa. Wakikuongeza mara mbili nyingine namna hii, utakuwa unawalipa wewe ili uende kazini."

"We mtoto!" Mashavu akamkemea, mwiko mkononi. "Mdomo huo!"

Nasibu akacheka. Lakini mwezi ule hakuna peni hata moja iliyoingia kwenye kopo, na mwezi wa pili vilevile, na mtihani ulikuwa miezi minne mbele. Akapiga moyo konde, akaamua kwenda kuwaomba wamwondolee nyongeza.

*

Wizara ya Makato ina madirisha arobaini. Thelathini na tisa yamezibwa kwa matofali, matofali mazuri kweli, na juu ya kila moja bado kuna kibao: Malalamiko, Rufaa, Masahihisho, Maswali ya Kawaida. Lililo wazi ni moja tu, Dirisha la Shukrani. Limewekwa chini chini, hivyo kila anayeshukuru huinama, na lina pazia la kahawia lenye upenyo wa kupitisha mkono. Humwoni mtu. Unaona mkono, na kwenye mkono fomu.

Siku ile ulikuwa mkono mnene wenye pete ya fedha.

"Shikamoo," alisema Nasibu, maana hakujua mkono ule una umri gani.

"Marahaba. Unashukuru nini?"

"Nyongeza, mkuu. Ila nilikuwa naomba—"

"Andika."

Akaandika kwa herufi kubwa: NASHUKURU KWA NYONGEZA, ILA KWA UNYENYEKEVU NAOMBA NIRUDISHWE KWENYE MSHAHARA WANGU WA ZAMANI. Mkono ukaivuta fomu, ukasoma, ukatoka tena na kalamu nyekundu, ukakata yote yaliyofuata baada ya nyongeza.

"Fomu hii haina nafasi ya ila," ilisema sauti. "Shukrani inaishia kwenye nukta."

Mhuri ukagongwa. Nasibu akarudi bohari na risiti ya kugongewa mhuri, peni tatu.

Wiki mbili baadaye barua ikafika. Ilianza kwa neno Hongera. Shukrani ya Ndugu Nasibu Mkomola, ilisema, ndiyo iliyokuwa fupi na safi kuliko zote wilayani, na kwa hiyo ametangazwa Mshukuru Bora na kuongezwa peni hamsini. Mshahara wake sasa ni mia nne na sabini. Mwisho wa mwezi mkononi zikabaki mia na arobaini.

Hapo mambo yakaanza kuwa mambo. Mashavu akaongeza vitumbua, akawa anaamka na majogoo. Kibibi akaacha chakula cha mchana, akasema eti anashiba kirahisi siku hizi. Mwenye nyumba akawa anapita uani bila salamu.

"Mume wangu," alisema Mashavu, "nakuomba, acha kushukuru. Utatuua."

"Dirisha lenyewe ni hilo moja, mama. Nifanyeje?"

Mzee Tindwa aliisikia habari ile getini, wala hakucheka kama ilivyo kawaida yake. Akamvuta Nasibu pembeni, nyuma ya maboksi.

"Ukirudi kule watakuita juu," alisema. "Chai wakikupa, kunywa, maana utakatwa hata usipokunywa. Lakini usimtaje mtu wa kwenu. Umenisikia? Hata mmoja."

"Kwa nini, mzee?"

"Mimi nilikuwa na mdogo wangu, fundi saa. Saa iliyokufa miaka kumi alikuwa anaiamsha. Nikamtaja." Akatazama barabara. "Haya, geti lifungwe."

Nasibu akaona ni uzee tu unaongea.

*

Safari ya pili hakutaka kubahatisha. Alimwomba Kibibi anakili hesabu ya nyuma ya mlango kwenye karatasi ya daftari, makato yote kumi na moja, mwezi kwa mwezi, akaibana na pini kwenye fomu ya shukrani. Aliwaza hivi: wakiona wenyewe kwa macho yao, wataona haya. Mwenzangu, hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kudhani kwamba kule ndani walikuwa hawajui kwamba wanaumiza. Walikuwa wanajua. Walichokuwa hawajui ni kiasi gani.

Mkono wenye pete ukaipokea karatasi, ukatulia. Pazia likatikisika.

"Panda ghorofa ya saba," ilisema sauti. Lifti inatozwa kwa kila ghorofa, kwa hiyo Nasibu akapanda kwa miguu.

Ofisini kwa Dakta Ngogota mguu ulizama zuliani mpaka kwenye kifundo. Chai ililetwa. Katibu Mkuu alikuwa ameishika karatasi ya daftari kwa vidole viwili, kwa uangalifu, utadhani italia.

"Nani kapiga hesabu hii?" aliuliza.

"Imekosewa, mheshimiwa?"

"Imekosewa!" Dakta Ngogota akasimama. "Ndugu yangu, miaka kumi na tisa wizara hii inakata, na hakuna hata mmoja humu ndani aliyewahi kujua mtu anabakiwa na nini. Tunakata kwa macho! Tunakata tukibahatisha, mwingine tunambakishia mia, mwingine hamsini, hasara tupu kwa taifa. Huyu anajua mpaka peni ya mwisho. Tazama hapa: 'Baba atafika sifuri mwezi wa nane.' Ametaja na mwezi! Huyu ni hazina. Ni nani?"

Msomaji, umhurumie Nasibu. Maisha yake yote hakuna mtu wa ghorofa ya saba, wala ya pili, aliyewahi kusifu kitu chake chochote. Maneno ya Mzee Tindwa yalimjia, akayaona yanakuja, akayaona na yanavyopita. Kifua kilikuwa kimemjaa.

"Ni binti yangu, mheshimiwa," alisema. "Anaitwa Kibibi. Yuko kidato cha nne hapa hapa wilayani. Mwalimu wake anasema atakwenda mbali."

"Atakwenda," alisema Dakta Ngogota, akaandika.

*

Barua ya pili nayo ilianza kwa Hongera. Kwa kulitajia taifa hazina, Ndugu Nasibu ameongezwa mpaka peni mia sita. Slipu ya mwezi ule ilikuja na mstari wa mwisho wa wino mwekundu: kilichobaki mkononi, peni sabini na tano chini ya sifuri. Na kwa kuwa serikali haimwachi mfanyakazi wake aning'inie, barua ilieleza, anayefanikiwa kuivuka sifuri atasaidiwa kazi na ndugu mmoja, yule aliyemtaja mwenyewe kwa hiari yake mbele ya ofisa. Ndugu huyo atarudi nyumbani siku deni litakapofika sifuri.

Gari jeupe lilikuja Jumatatu asubuhi, Kibibi akiwa ameshavaa sare za shule. Alishuka ofisa mmoja, mama mpole, sauti ya kubembeleza.

"Na mtihani wake?" aliuliza Mashavu. "Mama yangu, nakusihi, miezi miwili tu imebaki. Mwacheni afanye mtihani!"

"Mtihani ni wa kutafutia kazi, mama," alisema yule ofisa, akitabasamu kabisa. "Yeye kazi ndiyo imemtafuta. Ana bahati mwanao."

Kibibi alishika mkebe wake wa hesabu kwa mikono miwili. Alimtazama baba yake.

"Baba, umenitaja?"

"Nilikusifu, mwanangu," alisema Nasibu. "Wallahi nilikusifu tu."

Kibibi aliijua hesabu kuliko wote waliokuwa pale uani. Alijua deni linavyokwenda mwezi hadi mwezi, na alijua kwamba haliendi kwenye sifuri. Akamkumbatia mama yake, akapanda gari, na mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo. Mashavu alilia kilio cha msiba, na majirani wakaingia ndani mmoja mmoja na kufunga madirisha.

*

Mwezi uliofuata slipu haikuwa ya mashine. Iliandikwa kwa mkono, na saba zake zilikatwa kistari katikati.

Mashavu aliipokea kama barua. Aliisoma yote, makato kwa makato, akaiweka chini ya mto. "Mistari imenyooka," alisema. "Basi anakula. Mtu mwenye njaa mistari yake haiwezi kunyooka hivi." Nasibu akaitikia. Tangu siku ile wakawa wanaisubiri slipu kwa hamu, wao peke yao katika mji mzima, na wakati wengine wanazikunjua kwa kutetemeka, Mashavu alikuwa akizinusa.

Slipu ya mwezi wa pili ilikuwa na mstari mpya chini kabisa. Tozo ya akiba isiyosajiliwa: kopo la maziwa, nyuma ya pipa la unga. Peni tisini.

Mashavu alikwenda jikoni akasogeza pipa. Kopo lilikuwepo, zito kama alivyoliacha. Asubuhi yake wakaja maafisa wawili, wakaamkia vizuri, wakaingia jikoni moja kwa moja, wakasogeza pipa, wakachukua kopo, wakaaga. Hawakuuliza liko wapi. Kopo lile lilikuwa likijulikana na watu watatu tu duniani.

"Wamemlazimisha," alisema Nasibu. "Mashavu, si yeye. Wamemlazimisha mtoto."

"Najua wamemlazimisha," alisema Mashavu. Alikuwa amekaa sakafuni, palipokuwa na alama ya mviringo ya lile kopo. "Hilo silo linaloniogopesha. Naogopa siku watakapoacha kumlazimisha."

*

Nasibu akaenda tena dirishani. Safari hii hakuwa na hesabu wala fomu. Alikuwa na hasira, na alikuwa ameapa njiani kote kwamba atalivuta lile pazia mpaka lichanike, litakalokuwa na liwe. Foleni ilisogea. Zamu yake ikafika, akainama, akanyoosha mkono.

Kwenye upenyo ukatoka mkono mwembamba wenye fomu. Mgongoni mwake kulikuwa na kovu jeupe, umbo la jani.

Hasira zote zikamwisha.

"Kibibi," alisema.

Mkono haukutikisika. "Unashukuru nini, ndugu mfanyakazi?"

Ilikuwa sauti yake hasa, ila imepigwa pasi.

"Mwanangu, ni mimi. Mama yako anakusalimu. Unakula?"

"Unashukuru nini?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Andika tu. Tafadhali."

Nyuma yake watu walianza kukohoa. Nasibu akachukua kalamu. Akaandika: NASHUKURU MWANDIKO NI MZURI. Akaweka nukta. Akaisukuma fomu kwenye upenyo, na pale chini ya karatasi, mahali asipoona mtu, vidole vya Kibibi vikavishika vyake. Vikavibana kwa nguvu, vile alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo wakivuka barabara kuu. Kisha vikaachia. Mhuri ukagongwa.

"Anayefuata."

Nasibu alitembea mpaka nyumbani huku analia na kucheka, watu wakampisha njia. Alimsimulia Mashavu. Mashavu akamtaka amwonyeshe: vidole vipi, kwa nguvu kiasi gani. Nasibu akamshika, akambana. "Zaidi ya hapo," alisema Nasibu, na akabana zaidi. Mwezi mzima waliishi kwa hilo. Kila Mashavu alipotaka kukata tamaa aliunyoosha mkono wake tu, bila kusema, na Nasibu akaubana.

Slipu ikaja siku ya mwisho wa mwezi. Mashavu alikuwa jikoni, mikono yake imejaa unga wa vitumbua mpaka kwenye viwiko. Nasibu aliifungua mlangoni, kwenye mwanga. Saba zimekatwa kistari. Mistari imenyooka kuliko siku zote. Akashuka nayo, kodi baada ya tozo, mpaka chini kabisa, ambako kulikuwa na mstari mpya.

Tozo ya kumgusa mtumishi wa umma akiwa kazini. Sekunde nne. Peni nane.

Alijaribu kukumbuka kama kweli zilikuwa sekunde nne. Zilikuwa nne.

"Imekuja?" Mashavu aliita. "Nisomee basi, mikono yangu michafu. Ameandika nini?"

Nasibu aliikunja slipu, mstari wa mwisho ukabaki ndani.

"Anatusalimu," alisema.